Amana Baina ya Watu Wasiojuana



Dini ilifika kandokando ya ziwa letu la Tanganyika pamoja na misafara ya biashara iliyotoka pwani. Yafaa tukumbuke ya kuwa misafara ile haikusimama juu ya bunduki peke yake, bali juu ya amana.

Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alichukua bidhaa kwa mkopo Unguja kwa Taria Topan, tajiri wa Kihindi. Hawakuwa wa kabila moja wala madhehebu moja. Tippu Tip alipita Tabora, akaingia Manyema, asirejee Unguja mpaka mwaka 1882, baada ya miaka kama 12. Tajiri aliyebaki pwani hakuwa na askari wa kumfuata mdeni wake huko Kongo. Alikuwa na hati na sifa ya mtu tu. Kwani aliyevunja ahadi hakukopeshwa tena hata doti moja ya merikani.

Lakini yatupasa kusema kweli yote. Misafara ile ilichukua pembe, na ilichukua watumwa vilevile, hata baada ya soko la watumwa la Unguja kufungwa mwaka 1873. Uaminifu uliolinda mali ya tajiri haukumlinda mateka mnyonge. Amana ya namna hiyo ni nusu ya amana.

Amana kamili tumefundishwa na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Alipohama Makka mwaka 622, alimwacha Sayyidna Ali nyuma ili awarudishie watu mali walizomwekea, ilhali Makureshi walikuwa wakitaka kumwua. Na kiongozi wa njia aliyemkabidhi ngamia wake, Abdullah bin Urayqit, hakuwa Mwislamu.

Leo tunaishi mikononi mwa watu tusiowajua: dereva wa basi, muuza dawa, wakala anayepokea fedha zetu za simu. Basi tusijipime kwa deni la tajiri awezaye kutushtaki. Tujipime siku fedha za mgeni zitakapoingia katika simu yetu kwa kukosewa namba, naye ni mjane wa mbali asiyeweza kutudai. Hapo ndipo itakapojulikana tumerithi nusu, au tumerithi amana nzima.

Wabillahi tawfiq.