Nzige Bondeni, Ulezi Juu ya Ufipa

Kuanzia mwaka 1930 hadi 1944, nzige wekundu walivamia nchi nyingi za mashariki na kusini mwa Afrika. Mbuga za Ziwa Rukwa, chini ya uwanda wa Ufipa kusini-magharibi mwa Tanzania, ni miongoni mwa mazalia yao makuu.

Mwaka 1949 likaundwa shirika la kimataifa la kuwadhibiti nzige hao, makao yake Abercorn, leo Mbala nchini Zambia.

Huku nzige wakipigwa vita bondeni, juu ya uwanda Wafipa waliendelea kulima kwa jembe. Mkulima alifukia nyasi ndani ya tuta la mviringo, intumba, zikaoza humo. Msimu uliofuata alilibomoa, akaisambaza ile mboji nyeusi na kusia ulezi.

Rutuba hiyo haikugharimu hata senti. Ujuzi huu unastahili kufundishwa katika shule za Sumbawanga, mji wa Ufipa.