Fleti za Jackson Heights: Hisa, Bustani na Mlango

Anayeshuka treni namba 7 kwenye kituo cha Mtaa wa 74, wilaya ya Queens jijini New York, hupokewa na kelele. Reli imepita juu ya nguzo za chuma, na chini yake Wakolombia wanachoma arepa, Wahindi wanauza sari na dhahabu, Watibeti na Wanepali wanauza momo za moto. Akitembea dakika chache kuelekea kaskazini, kelele hizo zinakatika. Hapo yanaanza majengo ya matofali ya ghorofa tano na sita, mengine yamezunguka eneo zima kutoka mtaa hadi mtaa na kuficha katikati bustani ambayo mpita njia haioni. Hii ni Jackson Heights, na majengo yake mengi yalisimama kabla ya Vita vya Pili vya Dunia.

Mwanzoni mwa karne ya 20 eneo hili lilikuwa mashamba. Daraja la Queensboro lilipofunguliwa mwaka 1909 na kuiunganisha Queens na Manhattan, mfanyabiashara Edward MacDougall na kampuni yake, Queensboro Corporation, walinunua zaidi ya ekari 300. Mwaka 1917 reli ya juu ikafika. MacDougall aliamini katika fikra za Mwingereza Ebenezer Howard, aliyetaka wakazi wa mji waishi karibu na miti na hewa safi. Badala ya kubananisha nyumba ili kila futi ilete kodi, kampuni iliacha sehemu kubwa ya ardhi ya kila jengo iwe bustani. Linden Court, jengo la msanifu Andrew Thomas, lilikuwa miongoni mwa ya kwanza kuuzwa kwa mfumo wa ushirika, mwanzoni mwa miaka ya 1920. Thomas huyohuyo akabuni The Chateau yenye paa za Kifaransa, na ng'ambo ya barabara The Towers yenye minara ya Kiitalia. Uwanja wa gofu na viwanja vya tenisi vilikuwa karibu.

Ushirika huo unafanya kazi hivi: kampuni ya wakazi inamiliki jengo zima. Mnunuzi anapata hisa za kampuni hiyo, na hisa zinampa haki ya kukaa katika fleti fulani. Kila mwezi analipa mchango wake wa kodi ya jengo kwa serikali, mafuta ya kupasha joto, mishahara ya wafanyakazi na mkopo wa jengo kama upo. Bodi inayochaguliwa na wanahisa humhoji kila anayetaka kununua, na kwa desturi ya miaka mingi imeweza kumkataa bila kutaja sababu.

Fleti ya vyumba viwili vya kulala ya enzi hizo hujulikana mara tu mlango unapofunguliwa. Mgeni haingii sebuleni moja kwa moja; anaingia kwanza kwenye ukumbi mdogo ambao siku hizi watu huweka meza ya chakula. Dari iko juu, na sakafu ya mwaloni imezungushiwa ukanda wa mbao nyeusi. Kuta ni za plasta nene, kiasi kwamba kupigilia msumari wa picha ni kazi. Bafuni kuna beseni la chuma na vigae vidogo vyeupe vya pembe sita. Madirisha ya upande mmoja hutazama mtaa, ya upande wa pili bustani, na hewa hupita katikati. Wakati wa baridi mvuke hupanda kwa mabomba kutoka kwenye tanuri la chini ya jengo, ukigonga na kufoka usiku. Kwa kuwa mkazi hana uwezo wa kuupunguza ipasavyo, watu hufungua madirisha mwezi Januari huku theluji ikianguka.

Ili kuuza maisha hayo, Queensboro Corporation ilifanya jambo lililobadilisha biashara dunia nzima. Tarehe 28 Agosti 1922, kituo cha WEAF cha New York kilirusha maelezo yake ya dakika kumi kuhusu fleti za Hawthorne Court. Wanahistoria wengi huyahesabu kuwa tangazo la kwanza la kulipiwa redioni.

Lakini hewa safi hiyo haikukusudiwa kwa kila mtu. Kampuni iliwafungia mlango Wayahudi na watu weusi, na mfumo wa hisa uliirahisishia kazi, maana anayechagua wanahisa anachagua majirani. Ni lazima lisemwe waziwazi: uzuri wa bustani zile ulijengwa pamoja na ubaguzi, na waliokuwa ndani waliuona ubaguzi huo kuwa sehemu ya thamani ya nyumba zao.

Mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 ulivunja ndoto nyingi. Msanifu Alfred Butts, mkazi wa hapa aliyepoteza kazi, alianza kubuni mchezo wa kupanga maneno ambao leo unaitwa Scrabble. Uwanja wa gofu ukajengwa nyumba. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Wayahudi wakaanza kuingia. Mwaka 1957 jiji la New York likapiga marufuku ubaguzi katika nyumba za watu binafsi, na mwaka 1968 ikaja sheria ya nchi nzima.

Mlango ulisukumwa zaidi na sheria ya uhamiaji ya 1965, iliyofuta utaratibu wa kuwapendelea Wazungu wa Ulaya ya Kaskazini. Wakolombia, Wahindi, Wabangladeshi na Waekwado walifika kwa wingi. Miaka ya 1980, wenye majengo ya kupangisha walipoyageuza kuwa ya ushirika, mara nyingi wapangaji walipewa bei nafuu kuliko watu wa nje. Hivyo fleti zilizobuniwa kuwaepuka wageni zikaanza kumilikiwa na wageni. Mwaka 1993 jiji likatangaza sehemu kubwa ya mtaa kuwa eneo la kihistoria, na sura ya nje ya majengo ikalindwa.

Bustani, hata hivyo, bado ni za wanahisa. Karibu na Roosevelt Avenue kuna familia zinazobanana katika vyumba vya kupanga bila hata kipande cha majani. Mwaka 2020, korona ilipoielemea hospitali jirani ya Elmhurst, wakazi walidai nafasi ya kupumua, na barabara ya 34th Avenue ikafungwa kwa magari kwa saa kadhaa kila siku ili watoto wacheze.

Ndiyo maana suala la bodi si dogo. Sheria imekataza ubaguzi, lakini mnunuzi anayekataliwa bila sababu atauthibitisha vipi? Bodi inayomkataa mtu ilazimishwe kumwandikia sababu na kuitia saini. Katika mtaa ambao kukataa majirani kulikuwa sera ya kampuni, hilo ni jambo la chini kabisa ambalo mnunuzi anastahili.