Fuwele Mbili: Asili ya Mgawanyiko wa Viwango vya Sampuli

Katika vigeuzi vingi vya sauti vinavyoundwa nyumbani na mafundi wa kujitegemea, yaani vifaa vinavyopokea sauti iliyoandikwa kwa tarakimu na kuirudisha katika umbo la mkondo wa umeme unaoweza kufikishwa kwenye amplifaya na spika, huonekana fuwele mbili za kwatzi zilizowekwa kandokando, moja ikitetema mara 22,579,200 kwa sekunde na nyingine mara 24,576,000. Hakuna kanuni ya fizikia ya sauti inayodai kuwapo kwa zote mbili. Chanzo chake ni uamuzi wa kihandisi wa miaka ya 1970, wakati mahali pa bei nafuu pa kuhifadhi sauti ya dijitali palikuwa mikanda iliyotengenezwa kwa ajili ya picha za televisheni, na fundi anayekipanga kigeuzi chake leo ili kicheze viwango mbalimbali vya sampuli bado anashughulika na matokeo ya uamuzi huo.

Nadharia yenyewe ilikuwa imeiva mapema zaidi. Sampuli ni kipimo cha ukubwa wa wimbi la sauti kinachochukuliwa katika nukta moja ya wakati, na kiwango cha sampuli ni idadi ya vipimo hivyo katika sekunde moja. Harry Nyquist alichunguza mwaka 1928 uhusiano kati ya upana wa masafa na kasi ya ishara za telegrafu. Vladimir Kotelnikov, katika Umoja wa Kisovyeti, aliifikia kanuni ya sampuli mwaka 1933. Na Claude Shannon aliieleza mwaka 1949 kwa namna inayofundishwa hadi sasa, kwamba wimbi lisilo na masafa yanayopita kikomo fulani laweza kurejeshwa lote iwapo sampuli zake zinachukuliwa kwa kasi inayozidi maradufu ya kikomo hicho. Kati yao alikuwapo Alec Reeves, Mwingereza aliyefanya kazi Paris, ambaye mwaka 1937 alibuni njia ya kuandika kila sampuli kwa namba. Simu ndizo zilizonufaika kwanza, kwa sampuli 8,000 kwa sekunde, kwa kuwa mazungumzo hueleweka vizuri bila masafa yanayozidi takribani hezi 3,400. Muziki ulidai zaidi: sikio zima la kijana hufikia hezi 20,000, hivyo sampuli hazingeweza kupungua 40,000, tena ilibidi iachwe nafasi ya ziada kwa ajili ya kichujio, saketi inayozuia masafa yaliyovuka kikomo, kwa sababu hakuna kichujio kinachoweza kukata masafa kwa ghafla kama kisu.

Kati ya 40,000 na 50,000, nadharia haikuchagua namba yoyote. Aliyechagua ni mkanda wa video. Sauti ya njia mbili yenye biti 16 kwa kila sampuli hutoa zaidi ya biti milioni 1.4 kwa sekunde, kiasi ambacho mashine za kawaida za kurekodi sauti zilishindwa kukimudu, ilhali mashine za video zilikuwa zimekwisha kuzoea mzigo mkubwa zaidi. Wahandisi wa Japani waligeuza biti kuwa vidoa vyeusi na vyeupe, wakavipanga katika mistari ya picha, na kuvirekodi kana kwamba ni kipindi cha televisheni. Mashine ya Denon ya mwaka 1972 ilitumia kiwango cha 47,250, ambacho ni mara tatu ya mistari 15,750 iliyochorwa katika sekunde moja ya televisheni isiyo ya rangi ya Kijapani na ya Kimarekani. Sony nayo ikauza kifaa cha PCM-1 mwaka 1977 kwa wenye mashine za video nyumbani, kisha PCM-1600 kwa studio mwaka uliofuata.

Hesabu iliyoshinda inastahili kufuatwa hatua kwa hatua, kwa kuwa ndimo ulimo ufunguo wa mambo yote yaliyofuata. Televisheni yenye nusu-picha 60 kwa sekunde, kila picha nzima ikichorwa kwa zamu mbili, iliweza kutoa mistari 245 inayotumika katika kila nusu-picha, na kila mstari ukabeba sampuli tatu za kila njia ya sauti; 60 mara 245 mara 3 ni 44,100. Katika mfumo wa mistari 625, uliotumika Ulaya na vilevile Afrika Mashariki, nusu-picha ni 50 na mistari iliyotumika ni 294. 50 mara 294 mara 3 ni 44,100 pia. Namba moja ilizitosha dunia mbili za televisheni, na hiyo ndiyo sifa yake kuu. Televisheni ya rangi ya Kimarekani, ambayo nusu-picha zake hupungua kidogo chini ya 60, ilileta pia kiwango cha karibu 44,056, lakini hicho hakikudumu. Philips na Sony walipokubaliana kuhusu CD mwaka 1980, na Sony ilipoanza kuiuza Japani mwezi Oktoba 1982, nakala mama zilizopelekwa kiwandani zilikuwa mikanda ya video, na namba ya mikanda hiyo ikahamia kwenye diski isiyokuwa na picha hata moja.

Watangazaji na watengenezaji wa filamu hawakuipenda. BBC ilikuwa ikisafirisha sauti kwenda kwenye mitambo yake ya kurushia matangazo kwa kiwango cha 32,000 tangu mwaka 1972, na kiwango cha 48,000 kina uwiano mwepesi nacho wa tatu kwa mbili. Tena 48,000 hugawanyika bila baki kwa picha 24 za filamu, kwa 25 za televisheni ya Ulaya na kwa 30. Soundstream, kampuni ya Thomas Stockham huko Salt Lake City, ilikuwa imechagua 50,000, lakini Chama cha Wahandisi wa Sauti kilipendekeza 48,000 katikati ya miaka ya 1980, na mikanda ya sauti ya dijitali ya DAT, iliyotoka mwaka 1987, ikaifikisha madukani. Hapo ndipo ukoo wa viwango ulipogawanyika: upande mmoja 44,100 na vizidishe vyake, 88,200 na 176,400, upande wa pili 48,000 na vyake, 96,000 na 192,000. Uwiano kati ya koo hizo ni 147 kwa 160, uwiano mbaya sana kwa saketi za kugawanya. Tatizo liko kwenye namba saba, ambayo imo mara mbili ndani ya 245 na mara mbili ndani ya 294, na haimo kabisa ndani ya 48,000.

Kigeuzi huendeshwa na saa kuu, yaani mapigo ya umeme yanayotoka kwenye fuwele na kugawanywa kwa 256, kwa 512 au kwa kigawanyo kingine ili kupata kiwango cha sampuli. Fuwele ya 22,579,200 ikigawanywa kwa 512 hutoa 44,100 kamili, lakini haiwezi kutoa 48,000 kwa mgawanyo wowote wa namba nzima. Vigeuzi vya mwanzo vya kujiundia, vilivyopokea sauti kwa waya mmoja kutoka kwenye mashine ya CD, viliepuka suala hili kwa kutumia chipu pokezi, ambayo huvuta saa kutoka ndani ya ishara yenyewe kwa saketi ya kufunga awamu, saketi inayojirekebisha bila kukoma hadi mapigo yake yalingane na yanayoingia. Njia hiyo hukubali kiwango chochote, ila hurithi pia kuyumba kwa saa ya mbali. Mafundi wengi walitumia jitihada kubwa kupambana na kuyumba huko, pengine kubwa kuliko sikio lilivyohitaji.

Kompyuta ziliongeza utata. Kanuni ya AC'97 ya Intel, ya mwaka 1997, ilisimama juu ya 48,000, na kadi nyingi za sauti zikawa zinakokotoa upya kila wimbo wa CD ili uingie katika kiwango hicho. USB ya awali nayo hupeleka data kila milisekunde moja: 48,000 huwa sampuli 48 kila mara, ilhali 44,100 hulazimisha vifurushi tisa vya 44 na cha kumi cha 45. Suluhisho lililoenea baadaye ni kukigeuza kigeuzi kuwa kiongozi, kiwe na fuwele zake mbili na kuiamuru kompyuta iongeze au ipunguze mwendo wa data.

Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja iliyotoka mwaka 2012, ilirudisha swali lilelile mezani kwa fundi. Fuwele ya megahezi 19.2 ya matoleo yake ya mwanzo haigawanyiki kwa namba nzima kupata saa za biti, yaani mapigo yanayopitisha biti moja moja, za ukoo wowote kati ya hizo mbili, kwa hiyo kigeuzi sahili kinachoitegemea hupata mapigo yenye wastani sahihi na hatua zisizo sawa. Bodi za kigeuzi kama HiFiBerry DAC+ Pro huchukua uongozi: chipu yake ya PCM5122 huiwasha fuwele moja na kuizima nyingine kulingana na faili linalochezwa, na Pi hufuata. Hata hivyo kazi hiyo huharibika iwapo programu iliyo juu yake imekwisha kukokotoa sampuli upya. PulseAudio, programu ya kusimamia sauti katika Linux, huja na mipangilio miwili, kiwango cha kawaida cha 44,100 na kiwango mbadala cha 48,000. PipeWire iliyoirithi huanza na 48,000 peke yake, na fundi hulazimika kuorodhesha viwango vingine vinavyoruhusiwa. Asiyefanya hivyo ataisikia CD yake bila hitilafu yoyote, huku fuwele ya 22,579,200 ikiwa imezimwa wakati wote.