Kiraka kwa barua pepe: jinsi programu iliyo ndani ya simu yako inavyorekebishwa

Kama simu yako ni ya Android, ndani yake kuna programu iitwayo Linux. Huioni kwenye kioo, na hukuipakua mwenyewe. Kazi yake ni kukaa katikati ya vyuma vya simu na programu unazozitumia. Ndiyo inayogawa kumbukumbu, inayoamsha kamera unapoibonyeza, na inayobana matumizi ya betri simu ikiwa mfukoni. Sehemu hii ya ndani kabisa huitwa kiini.

Kiini cha Linux kilianzishwa na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Aliutangazia ulimwengu kazi yake tarehe 25 Agosti 1991. Leo kiini hicho kina zaidi ya mistari milioni 30 ya msimbo, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata. Ni programu huria: yeyote anaruhusiwa kuusoma msimbo wake, kuunakili, kuubadilisha na kuugawa, mradi afuate masharti ya leseni yake.

Ruhusa ya kubadilisha nakala yako ni jambo moja. Badiliko lako kuingia kwenye kiini chenyewe, likatumiwa na watu wote, ni jambo jingine. Njia ya kulifikisha huko, kwa mhandisi wa kampuni kubwa na kwa kijana anayejifunza mwenyewe, ni ile ile: unalituma kwa barua pepe. Makala hii inaeleza njia hiyo ilivyo, kwa nini haijabadilishwa, na unachojifunga nacho unapotia sahihi yako.

Kiraka ni nini?

Suruali ikitoboka goti, fundi cherehani haishoni upya. Hukata kipande kinachotosha tundu na kukishonea pale pale. Katika programu ni hivyo hivyo. Anayerekebisha kosa hatumi programu nzima. Hutuma sehemu iliyobadilika tu, na sehemu hiyo huitwa kiraka.

Chukua mfano wa tangazo la kijiji ambalo saa yake imekosewa. Kiraka chake kingeonekana hivi:

  Mkutano wa kijiji
- Jumamosi, saa nne asubuhi
+ Jumamosi, saa tatu asubuhi
  Ofisi ya kijiji

Mstari wenye alama ya kutoa unaondolewa. Wenye alama ya kujumlisha unaingia mahali pake. Mistari isiyo na alama haibadiliki. Ipo ili msomaji, na kompyuta pia, wajue kiraka kinashonwa wapi.

Mtindo huu ni wa zamani. Mwaka 1985 Mmarekani Larry Wall aliandika programu iitwayo patch, inayosoma maelezo kama hayo na kuyatekeleza kwenye faili lenyewe. Kwa kuwa kiraka ni maandishi matupu, ni chepesi sana. Vingi havizidi kilobaiti chache, ambazo ni pungufu ya picha moja ya simu.

Kwa nini barua pepe?

Miradi mingi ya programu huria siku hizi hupokea mabadiliko kupitia tovuti maalumu. Kiini cha Linux kimebaki na barua pepe, na sababu zake zina uzito.

Kwanza, barua pepe haina mwenyewe mmoja. Hakuna kampuni inayoweza kuifunga au kubadilisha masharti usiku mmoja. Watengenezaji wa Linux walilionja jambo hilo mwaka 2005, pale walipoondolewa ruhusa ya kutumia bure programu ya BitKeeper waliyokuwa wakitunzia msimbo wao. Torvalds akaandika mpya, Git, ambayo leo hutumika duniani kote.

Pili, barua pepe huvumilia mtandao dhaifu. Unaweza kuandika kiraka nyumbani bila mtandao, ukakituma utakapofika penye mnara. Majibu nayo yatakusubiri. Hulazimiki kuwa hewani wakati mmoja na mtu aliye upande wa pili wa dunia.

Tatu, mazungumzo hubaki wazi. Kiraka hutumwa kwa msimamizi wa sehemu inayohusika na pia kwa anwani ya pamoja ambayo watu wengi huipokea. Kila swali na kila jibu huhifadhiwa. Miaka kumi baadaye mtu akiuliza kwa nini mstari fulani uliandikwa vile, jibu lipo.

Hatua kwa hatua

1. Pata msimbo. Huchukuliwa bure kwa kutumia Git. Angalia bando lako kwanza: nakala yenye historia yote ni gigabaiti kadhaa. Toleo la mwisho peke yake, bila historia, ni dogo zaidi, lakini nalo ni mamia ya megabaiti.

2. Rekebisha jambo moja. Kiraka kimoja, kosa moja. Ukigundua makosa matatu, andika viraka vitatu. Msimamizi akikataa kimoja, vingine viwili havitakwama naye.

3. Jaribu. Hakikisha msimbo unajengeka na kosa limekwisha kweli.

4. Andika maelezo. Hapa ndipo wengi hulegea. Eleza tatizo ni lipi, mtumiaji analionaje, na kwa nini umelitatua kwa njia hiyo. Mistari ya maelezo isizidi herufi 75. Kichwa cha barua huanza na neno [PATCH], kikafuatiwa na jina la sehemu ya kiini na muhtasari mfupi. Lugha inayotumika ni Kiingereza. Kiingereza chepesi kinachoeleweka kinatosha.

5. Tia sahihi. Mwisho wa maelezo huwekwa mstari unaoanza na Signed-off-by, kisha jina lako na anwani yako ya barua pepe. Maana yake tutaieleza hapa chini.

6. Kagua. Ndani ya msimbo wenyewe kuna programu ndogo, checkpatch.pl, inayokuonyesha makosa ya mpangilio kabla hujamsumbua mtu.

7. Tafuta mpokeaji. Usitume kwa Torvalds. Kila sehemu ya kiini ina msimamizi wake, na majina yao yameorodheshwa katika faili liitwalo MAINTAINERS. Programu nyingine, get_maintainer.pl, hukisoma kiraka chako na kukutajia wanaohusika.

8. Tuma. Amri ya git format-patch hukigeuza kiraka kuwa barua, na git send-email huituma. Mara ya kwanza jitumie mwenyewe uone inafikaje.

Kwa nini kiraka kizuri hurudishwa?

Msimamizi hanakili kiraka kwa mkono. Anaipa Git barua yako, nayo inashona kiraka moja kwa moja. Barua ikiharibika njiani, hata kwa nafasi moja tu, kazi inakwama.

Programu nyingi za barua pepe hupenda "kupamba" maandishi. Hukata mistari mirefu, hugeuza vituo vya tabo kuwa nafasi za kawaida, au hutuma barua kwa muundo wa HTML wenye rangi na aina za herufi. Maelekezo ya mradi yanasema wazi kwamba Gmail ya kwenye kivinjari haifai kwa kutumia viraka. Anwani yako ya Gmail bado unaweza kuitumia, ila kiraka kitumwe na git send-email. Kiraka kiwe maandishi matupu ndani ya barua, kisiwe kiambatisho, ili msomaji aweze kunukuu mstari fulani na kujibu chini yake.

Sababu nyingine ya kurudishwa ni maelezo hafifu. Anayekusoma hakujui na hajui kilichokusumbua. Ukiandika "nimerekebisha kosa" tu, hana msingi wa kukuamini.

Baada ya kutuma

Tulia. Wasimamizi wana viraka vingi: toleo moja la kiini kwa kawaida hubeba zaidi ya 10,000, kutoka kwa watu zaidi ya 1,000. Subiri angalau wiki moja kabla ya kuulizia, na uulizie kwa adabu.

Majibu mengi ya mwanzo ni maswali au marekebisho, na mengine huandikwa kwa ukavu. Yasome kama fundi anayeonyeshwa kazi na fundi mwenzake. Jibu kila hoja, hata ile usiyokubaliana nayo, ukieleza sababu. Kisha rekebisha na utume tena kiraka kizima, kichwani ukiandika [PATCH v2], na chini ya mstari wa vistari vitatu utaje ulichobadilisha. Kufika v3 au v5 ni jambo la kawaida hata kwa wazoefu. Kupotea njia ndiko kujua njia.

Sahihi yako inabeba nini?

Mstari wa Signed-off-by ni mfupi, lakini ni kiapo. Ulianza kutumika mwaka 2004, baada ya kampuni ya SCO ya Marekani kwenda mahakamani mwaka uliotangulia ikidai kwamba msimbo wake ulikuwa umeingizwa ndani ya Linux. Tangu hapo kila anayetuma kiraka hutamka kwamba kazi ni yake, au ana haki ya kuitoa chini ya leseni ya mradi. Kila msimamizi anayekipitisha huongeza sahihi yake, hivyo kiraka hubeba orodha ya mikono iliyokishika.

Kwa hiyo usitume msimbo wa mwajiri wako bila ruhusa yake, wala ulioutoa mahali usipopajua. Viraka visivyo na mwenyewe anayejulikana havipokelewi. Fahamu pia kwamba jina na anwani yako vitabaki hadharani siku zote. Ukipenda, fungua anwani maalumu kwa kazi hii.

Mwaka 2021 ilionekana imani hiyo ina thamani gani. Ilibainika kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walikuwa wametuma viraka vyenye kasoro za makusudi ili kupima kama wakaguzi wangezigundua. Mwezi Aprili Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wasimamizi wakuu, alitangaza kwamba michango ya chuo hicho haitapokelewa. Viraka vya awali kutoka chuoni humo, vikiwemo vya watu waliokuwa na nia njema, vilianza kukaguliwa upya kimoja kimoja. Watafiti waliomba radhi na kuondoa andiko lao. Mlango ulio wazi kwa wote hulindwa na uaminifu wa wanaoingia, na kosa la wachache liliwagharimu wenzao wengi.

Kiraka hufikaje kwenye simu?

Msimamizi wa sehemu akikubali, hukiweka kwenye mkusanyiko wake. Toleo jipya la kiini likikaribia, wasimamizi hupeleka mikusanyiko yao kwa Torvalds, anayeipokea kwa wiki mbili. Wiki takriban saba zinazofuata ni za kujaribu na kurekebisha. Toleo jipya hutoka kila baada ya wiki 9 au 10.

Marekebisho muhimu hupelekwa pia kwenye matoleo ya zamani yanayoendelea kutunzwa. Kutoka hapo Google huyachukua kwa ajili ya Android, kampuni ya simu huyaandaa kwa aina ya simu yake, na mwisho wewe huona ujumbe kwamba kuna sasisho. Mnyororo ni mrefu, na kampuni ikiacha kuihudumia simu ya zamani, unakatika hapo. Sasisho la usalama likija, basi, lipakue mara upatapo bando au Wi-Fi ya kuaminika. Mara nyingi ndani yake mna viraka vya aina hii.

Unaweza kuanzia wapi?

Kujenga na kujaribu kiini kunahitaji kompyuta. Lakini Git yenyewe unaweza kujifunza kwenye simu ya Android kwa kutumia programu ya Termux: tengeneza faili la maandishi, libadilishe, kisha iamuru Git ikuonyeshe tofauti. Ukishaelewa alama za kutoa na kujumlisha, umeshaelewa lugha ya viraka.

Kwa anayeanza, kazi ndogo zina heshima yake. Maelezo yenye makosa ya tahajia hurekebishwa kwa kiraka. Ipo pia sehemu ya kiini iitwayo staging, yenye msimbo ambao haujakamilika, na wageni wengi huanzia hapo. Ukigundua tundu la usalama, usilitangaze hadharani. Mradi una kikundi cha usalama kinachopokea taarifa kwa faragha ili kiraka kiwe tayari kabla wahalifu hawajajua.

Hakuna ada ya kutuma kiraka, hakuna cheti kinachodaiwa, wala wakala. Mtu akikuomba pesa ili "akuunganishe na Linux", huyo ni tapeli. Kinachohitajika ni badiliko lililojaribiwa, maelezo yanayoeleweka, jina lako, na subira ya kungoja majibu.