Kutoka tanuri la Mbozi hadi karasha la Mkwajuni

Kabla dhahabu ya Lupa, kusini-magharibi mwa Tanzania, haijawavuta wazungu, nyanda zilizo juu ya Mkwajuni zilikuwa na viwanda. Wanyiha wa Mbozi na jirani zao Wafipa walijenga matanuri ya udongo marefu kuliko mtu, wakayajaza mkaa na mawe ya chuma, na hewa ikajivuta yenyewe kupitia matundu ya chini. Kilichotoka kilikuwa bado kichafu. Kilirudiwa katika tanuri dogo, na hapo sasa mivukuto ikafanya kazi, ndipo mhunzi akakipokea. Jembe lake lililima, lilitolewa mahari, lilisafiri na wafanyabiashara. Kwa Wafipa, mafundi hawakulala na wake zao siku za kuyeyusha. Kazi ilikuwa na miiko, na miiko nayo ililinda ujuzi.

Kisha yakaja majembe ya meli. Kampuni ya Chillington ya Wolverhampton, Uingereza, iliuza Afrika majembe yenye chapa ya mamba, yote sawasawa kwa umbo. Tanuri lililokula mkaa wa miti mingi na jasho la watu wengi lingeshindana nayo vipi? Matanuri yalizimika moja moja zama za ukoloni.

Wakati huohuo Lupa ilikuwa imechangamka. Dhahabu ilianza kuchimbwa huko miaka ya 1920, na muongo uliofuata watu wakafurika. Mgodi wa Saza, usio mbali na Mkwajuni, uliendelea hadi miaka ya 1950. Mitambo iliingia ikiwa imekwisha kutengenezwa, dhahabu ikatoka, na kiwanda hakikubaki.

Uhuru ulijaribu kulirudisha jembe nyumbani. Kiwanda cha zana za kilimo cha UFI kilijengwa Ubungo, Dar es Salaam, kwa msaada wa China, baadaye Mbeya ikapata chake, Zana za Kilimo, maarufu kama ZZK. Soko lilipofunguliwa na mashirika ya umma kubinafsishwa, majembe ya nje yakashinda mara ya pili.

Siku hizi matumaini yamehamia kwenye usafishaji. Marekebisho ya sheria ya madini ya 2017 yalisisitiza madini yaongezewe thamani nchini. Juni 2021 kilizinduliwa kiwanda cha kusafisha dhahabu Mwanza, chenye uwezo wa kilo 480 kwa siku. Ni jambo jema, ila tusijidanganye: tofali linalotoka mgodini tayari lina dhahabu nyingi, na bei yake hupangwa na soko la dunia. Msafishaji anabaki na ada ndogo, na mtambo wake hauhitaji watu wengi.

Mimi naona kiwanda kiko kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Katika machimbo ya Songwe na Chunya, kama kwingineko nchini, dhahabu imefichwa ndani ya mwamba mgumu, na mwamba huo unatafuna vyuma. Injini ya bolimili, yaani karasha la ngoma, yaweza kutoka China au India, lakini ngoma na fremu huchomelewa na mafundi wa humuhumu. Tofauti na jembe iko hapa. Jembe husafiri vizuri na halihitaji fundi. Ukilinunua, umemalizana na aliyelitengeneza. Karasha huharibika mara kwa mara, na kila saa linalosimama mwenye mawe anapoteza fedha. Hawezi kusubiri spea ipande meli. Fundi aliye karibu ana kinga ambayo ushuru wa forodha haujawahi kumpa mwenye kiwanda.

Kinachomkwamisha ni malighafi. Mwaka 2011 serikali, kupitia Shirika la Maendeleo la Taifa, iliingia ubia na kampuni ya China ya Sichuan Hongda kwa ajili ya makaa ya Mchuchuma na chuma cha Liganga, wilayani Ludewa. Zaidi ya muongo mmoja ulipita bila tani moja ya chuma kuyeyushwa, na fundi wa machimboni akaendelea kununua bamba lililotoka ng'ambo au kuokota chuma chakavu.