Mpishi Aliyetazamishwa Ukuta

Kila ninaposhuka mjini Moshi kununua bawaba na vitasa, napita mbele ya jengo la KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro. Baba alikiuzia chama hicho kahawa maisha yake yote, na kwetu nyumbani jengo lile lilikuwa mahali pa malipo, basi. Nilikuwa nimeshachora majiko ya watu kwa miaka 11 ndipo nikaja kujua ni nani aliyelichora: Ernst May, Mjerumani. Siku hiyo nilisimama ng'ambo ya barabara nikalitazama upya. Huyo May, kabla hajafika Afrika, ndiye aliyekuwa mkuu wa ujenzi wa mji wa Frankfurt, na chini ya uongozi wake, mwaka 1926, lilibuniwa jiko ambalo kila jiko ninalolichora leo ni mjukuu wake.

Kazi yangu ni hiyo. Naingia nyumba ambayo bado ina vumbi la saruji, natoa futi kamba, napima chumba, nachora makabati, sinki, mahali pa jiko la gesi na pa friji, kisha namkabidhi seremala. Miaka ya karibuni wateja wanakuja na ombi moja. "Dada, mimi nataka kisiwa," wananiambia, na simu tayari wameshaninyooshea: meza kubwa iliyojengwa katikati ya jiko, juu yake jiwe linalong'aa, taa tatu zinaning'inia. Ni kitu kizuri, sikatai. Ila kisiwa kina historia yake, na nimeona kwa macho yangu kwamba asiyeijua hukijenga pasipo pake, halafu anayetaabika kukizunguka kutwa nzima ni mtu mwingine.

Jiko la kwanza nililolijua lilikuwa la mama, kule Kibosho: kibanda nyuma ya nyumba, mafiga matatu katikati ya sakafu ya udongo. Mama alipika akiwa amekaa kwenye kigoda. Kuni ziko mkono wa kulia, ndoo ya maji na kata mkono wa kushoto, na juu ya moto kuna uchaga wa kukaushia mahindi na kuni mbichi. Ndizi za mtori alizimenya palepale, maganda yakaingia kwenye karai la mbuzi. Bibi alikaa karibu na mlango, sisi watoto tukauzunguka moto, na habari zote za ukoo nilizisikia pale. Moshi wa kibanda kile ulimharibia mama macho, na sitaki mtu adhani natamani turudi humo. Lakini mambo mawili yalikuwepo mle ambayo kitaalamu nilikuja kuyasomea kwa taabu: kila kitu kilikuwa ndani ya urefu wa mkono, na mpishi alikuwa katikati ya watu wake.

Majiko ya nyumba kubwa za Ulaya nayo yalikuwa na meza pana katikati. Waliosimama kuizunguka walikuwa watumishi, wanne, watano, mmoja anakanda, mwingine ananyonyoa kuku. Mwenye nyumba hakuwa na haja ya kuuliza ni hatua ngapi zinakwenda kisimani na kurudi, maana hazikuwa hatua zake.

Swali hilo lilianza kuulizwa Marekani, na walioliuliza walikuwa wanawake. Catharine Beecher alitoa kitabu chake cha mambo ya nyumba mwaka 1841, kisha mwaka 1869 akatoa kingine pamoja na mdogo wake Harriet Beecher Stowe, yule aliyeandika riwaya maarufu ya kupinga utumwa. Beecher alitazama jiko la meli, lenye nafasi finyu ambamo mtu mmoja huwapikia watu wengi, akachora jiko la nyumbani kwa mfano huo: unga, sinki na ubao wa kukatia vimefuatana, kila chombo na mahali pake. Alikuwa akiifikiria nyumba ambayo mama mwenyewe ndiye anayepika.

Miaka ilivyokwenda, wasichana waliokuwa watumishi wakakimbilia viwandani na maofisini. Mwaka 1911 Frederick Winslow Taylor akatoa kitabu chake cha kupima kazi ya kiwandani kwa saa na kwa mwendo wa mkono, na mwaka uliofuata Christine Frederick, mama wa nyumba wa jimbo la New York, akaanza kuandika makala za kuuingiza upimaji huo jikoni. Michoro yake miwili ninayo ukutani pangu. Wa kwanza ni jiko lililopangwa ovyo, na mistari ya nyendo za mpishi imesokotana kama uzi uliochezewa na paka. Wa pili ni vifaa vilevile vimepangwa kwa kufuata kazi: chakula kinatoka stoo, kinaandaliwa, kinapikwa, kinapakuliwa, na mstari unakwenda mbele bila kujikata. Hakuongeza kitu hata kimoja. Alihamisha tu.

Baada yake akaja Lillian Gilbreth, mhandisi, mama wa watoto 12, aliyefiwa na mumewe mwaka 1924 akalazimika kuitafutia familia riziki. Mwaka 1929 alitengeneza jiko la mfano kwa kampuni ya gesi ya Brooklyn. Alilipanga kwa kuzunguka, mpishi akiwa katikati, na meza ndogo ya magurudumu karibu naye. Lilipojaribiwa kwa kuoka keki ya stroberi, hatua zilishuka kutoka 281 hadi 45. Nikiwa na vijana wanaojifunza kazi huwa nawaandikia tarakimu hizo mbili tu ubaoni na kunyamaza. Gilbreth alifanya jambo jingine ambalo nalithamini kuliko hata hizo hatua: aliwauliza maelfu ya wanawake kuhusu urefu wa sinki na jiko unaowafaa, maana mgongo wa mtu mfupi na wa mtu mrefu hauumii mahali pamoja.

Maandiko ya Frederick yalitafsiriwa kwa Kijerumani mwanzoni mwa miaka ya 1920, na mmoja wa waliosoma alikuwa Margarete Schütte-Lihotzky, msanifu majengo kijana kutoka Vienna. Ujerumani ilikuwa imetoka vitani, nyumba hazitoshi, na May alikuwa akijenga makazi ya wafanyakazi kwa maelfu. Alimpa huyu mama kazi ya jiko. Alichokitoa mama huyo ni chumba chembamba, upana wake kama mita 1.9 na urefu wake mita 3.4, kilichobuniwa kwa kuangalia majiko ya mabehewa ya chakula kwenye treni. Ndani yake kila sentimita ilifikiriwa. Vidroo vya alumini vya mchele, sukari na dengu vina mdomo wa kumiminia. Unga unakaa kwenye chombo cha mwaloni ili wadudu wasiuingie. Makabati yana rangi ya buluu iliyoelekea kijani kwa kuwa waliamini nzi hawaipendi. Chini ya dirisha ipo meza ya kukatia yenye tundu la kupitishia takataka, na mbele yake stuli ya kuzunguka, ili mpishi afanye kazi akiwa amekaa. Nilipoiona stuli ile pichani nilikikumbuka kigoda cha mama.

Majiko kama 10,000 ya namna hiyo yalijengwa Frankfurt. Ni kazi kubwa, na kila tunapoweka kabati la juu na la chini katika mstari mmoja tunaitumia. Hata hivyo ilikuwa na upungufu ambao haukusemwa mapema. Chumba kilimtosha mtu mmoja. Mlango wa kusukuma ulifunguka upande wa sebule ili mama awaone watoto, lakini mikono yake na uso wake vilikuwa ukutani. Hakuna shangazi wa kumenya viazi pembeni, hakuna pa kumwekea mtoto kiti. Schütte-Lihotzky mwenyewe alikiri kwamba hakuwahi kuendesha nyumba wala kupika kabla ya kulibuni jiko lile. Nadhani palikuwa na mambo ambayo kigoda cha kweli kingemfundisha.

Hatima ya May na Schütte-Lihotzky inanigusa. Mwaka 1930 waliondoka pamoja kwenda Urusi kujenga miji mipya. Mama yule baadaye aliingia katika mapambano dhidi ya Wanazi, akakamatwa mwaka 1941, akafungwa hadi vita vilipokwisha, na alifariki Januari 2000 zikiwa zimebaki siku chache atimize miaka 103. May hakuweza kurudi kwao; mwaka 1934 akaja Tanganyika akalima, kisha akafungua ofisi Nairobi. Ndiyo maana mzee wangu alipokea fedha za kahawa katika jengo la mtu wa Frankfurt.

Wamarekani waliendelea kupima. Katika miaka ya 1940, Chuo Kikuu cha Illinois kilieneza kanuni ya pembetatu: vuta mstari kutoka sinki hadi jiko, kutoka jiko hadi friji, kutoka friji hadi sinki. Kila mstari uwe kati ya mita 1.2 na 2.7, na jumla isizidi mita 7.9. Tunaitumia mpaka leo. Frank Lloyd Wright naye, katika nyumba aliyoijenga Minneapolis mwaka 1934, alishafungua ukuta kati ya jiko na mahali pa kulia. Ukuta ukiondoka, mpishi anaonekana. Kilichobaki ni kumgeuza.

Aliyelisema hilo kwa nguvu zaidi ni Otl Aicher, Mjerumani aliyechora alama za michezo ya Olimpiki ya Munich ya mwaka 1972. Kampuni ya majiko ya Bulthaup ilimtaka ushauri, naye akaenda kuwatazama wapishi wa kazi kwenye majiko yao. Mwaka 1982 akatoa kitabu kuhusu jiko la kupikia kweli. Hoja yake: kiini cha jiko ni meza ya kazi, na meza hiyo isimame katikati, watu waizunguke, wapike pamoja wakitazamana. Hicho ndicho kisiwa. Kilizaliwa ili mpishi asifanye kazi peke yake akiutazama ukuta.

Niseme kosa langu. Mteja mmoja alitaka kisiwa katika chumba cha upana wa mita 3, nami nikakubali kwa kuogopa kumpoteza. Makabati yalikula sentimita 60, kisiwa sentimita 90, na zilizobaki tukazigawa pande mbili, sentimita 75 kila upande. Nyumba ilipohamiwa nilikwenda kusalimia. Dada anayepika pale alifungua friji, mlango ukagonga jiwe. Akachukua sufuria ya maharage inayochemka, akalizunguka jiwe lote kufika kwenye sinki. Nilimuuliza kama kuna mtu aliyemwuliza chochote kabla ya ujenzi. "Hapana, dada," akanijibu kwa upole. Hata mimi sikumwuliza.

Tangu hapo sivuki kipimo. Njia kati ya kabati na kisiwa iwe sentimita 107 kwa mpishi mmoja, 122 wakiwa wawili. Kwa hiyo, kwa kisiwa cha sentimita 90, chumba chenye makabati upande mmoja kinahitaji upana wa mita 3.64, na chenye makabati pande zote mbili mita 4.24. Pungufu ya hapo, meza ya mbao yenye magurudumu, kama ile ya Gilbreth, inatosha na inasogea. Na kisiwa kisikate njia ya kutoka jiko kwenda sinki.

Ndugu msomaji unayejenga, kabla hujalipia jiwe, chora kisiwa chako kwa chaki sakafuni, panga maboksi juu ya mistari mpaka yafike kiunoni, kisha mwite anayepika nyumbani kwako, awe mkeo, mama yako au dada wa kazi. Mwombe apike ugali na mchicha mahali hapo kwa siku tatu. Akisema sogeza, sogeza.