Jiwe la Mugere Lina Majina Mawili

Ukisimama sehemu za juu za Gihosha asubuhi isiyo na ukungu, unaona mbele yako karibu kila anachokuja kutafuta mgeni wa Bujumbura: jiji na bandari yake, Ziwa Tanganyika, bonde la mto Rusizi, na ng'ambo milima ya Kongo iliyo juu ya Uvira. Binamu yangu wa Kigoma alipokuja kututembelea, nilijipa kazi ya kumtembeza. Tulianza kwenye kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore, tukapita Buyenzi, mtaa wa Waswahili, kisha tukapanda basi la njia ya Rumonge. Tulishuka Mugere, kilomita kama 10 kusini mwa jiji.

Pale kilimani pana jiwe kubwa linalotazama ziwa. Limechongwa majina mawili, Livingstone na Stanley, na tarehe 25 Novemba 1871. Nikamwambia binamu yangu maneno niliyoyasikia tangu utotoni: hapa ndipo Stanley alipomkuta Livingstone. Akacheka. "Ndugu yangu, hapo mmetuibia. Hao walikutana kwetu Ujiji, chini ya mwembe."

Niliona haya, maana mimi ndiye ninayesoma historia. Tena alisema kweli. Stanley mwenyewe aliandika kwamba walikutana Ujiji tarehe 10 Novemba 1871. Tarehe iliyo kwenye jiwe letu ni ya siku 15 baadaye. Basi kama walikuwa wameshakutana, huku kwetu walifuata nini?

Walifuata jibu la swali moja: Rusizi unaingia ziwani au unatoka? Leo swali hilo ni la darasa la msingi, lakini wakati ule wasomi wa Ulaya waligombana kwa ajili yake. Kama Rusizi ungekuwa unatoka ziwani kwenda kaskazini, Tanganyika ingeweza kuwa chanzo cha mto Nile. Ndiyo maana wageni hao wawili walitoka Ujiji kwa mtumbwi, wakafuata ufuo mpaka nchi iliyoitwa Uzige, ambako Bujumbura ilijengwa baadaye. Walipofika mdomo wa Rusizi waliona maji yakiingia ziwani. Njia ya maji ya kutoka iko upande wa magharibi, mto Lukuga, ambao Cameron aliufikia mwaka 1874.

Jambo linalonigusa ni kwamba jibu lilikuwa limeshatolewa miaka 13 kabla. Mwaka 1858 Burton na Speke walifika Uvira, na wenyeji wakawaambia waziwazi kwamba Rusizi unaingia ziwani. Wageni hao hawakuweza kuufikia mdomo wa mto, wakarudi. Neno la watu waliokunywa maji ya mto huo na kuvua samaki wake halikutosha kumaliza ubishi.

Mtu anaweza kunijibu kwamba kusikia si kuona, na kwamba mwanasayansi ana wajibu wa kuhakikisha. Nakubali. Livingstone na Stanley walifanya vizuri kwenda kutazama wenyewe. Lakini hata safari hiyo hawakwenda peke yao. Mtumbwi ulikuwa wa mfanyabiashara Mwarabu wa Ujiji, makasia yalipigwa na watu waliolijua ziwa, na huko Uzige walipokelewa na mtawala wa hapo, Mukamba. Kilichowatofautisha wageni wawili na wengine wote ni kalamu. Aliyeandika ndiye aliyeitwa mgunduzi, na jiwe likafuata kitabu.

Sisemi jiwe livunjwe wala majina yafutwe. Jiwe halisemi uongo: linataja watu waliofika kweli na tarehe yake. Uongo ni wetu sisi tunaolisimulia. Tulipoona majina mawili tukakimbilia hadithi maarufu ya Ujiji, tukaiacha hadithi yetu wenyewe, ambayo kwa maoni yangu ni kubwa zaidi. Ujiji watu wawili walisalimiana. Huku kwetu swali kubwa la jiografia lilipata jibu, na waliolijua jibu tangu zamani ni mababu wa watu wa ufuo huu.

Sisi wanafunzi wa historia tunalalamika mara nyingi kwamba historia yetu iliandikwa na wageni. Ni kweli. Lakini makosa niliyoyasema Mugere hayakuandikwa na mgeni yeyote. Niliyarithi nikayapitisha bila kuyapima, wakati tarehe iliyoyakanusha ilikuwa imechongwa mbele ya macho yangu.

Siku hizi nikipata mgeni, simpeleki Mugere kwanza. Namsimamisha hapa Gihosha, namwonyesha Rusizi unavyong'aa kule bondeni, namuuliza: unadhani maji yale yanakwenda wapi? Akishajibu, namwambia nani alilijua jibu hilo mapema. Hapo ndipo tunapanda basi kwenda kulitazama jiwe.